Kamera Aliyedhani Dunia Nzima Ina Rangi ya Majivu

Paukwa!

Pakawa. Ahsanteni. Sogeeni karibu, na mdogo aliyeko nyuma apishwe aone. Leo sina hadithi ya Sungura wala ya Fisi. Leo nina hadithi ya kamera.

Alikuwepo binti mmoja Mji Mkongwe, Unguja. Umri wake kama wako wewe uliyeinua mkono. Mama yake mdogo alimpa kamera. Haikuwa mpya. Mkanda wake umechakaa, herufi za vitufe zimeanza kufutika, lakini lenzi haina hata mkwaruzo. Binti akafurahi mno. Akapiga picha paka. Akapiga madirisha. Akapiga viatu vilivyopangwa nje ya msikiti. Kisha akamwendea bibi yake barazani.

Bibi alikuwa kivulini, anasuka ukili. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mweupe wa chokaa, na jua la saa nne asubuhi limeupiga wote.

"Bibi, nikupige picha?"

"Nipige, mjukuu wangu."

Binti akabonyeza, akatazama kioo cha nyuma. Ukuta mweupe umetoka na rangi ya majivu. Na Bibi? Bibi hana macho. Bibi hana mdomo. Bibi amekuwa kivuli kilichovaa kanga.

"Kamera mbaya wewe!" binti akasema.

"Hata shikamoo hakuna?" kamera akajibu.

Binti akashtuka. Halafu adabu ikamrudia. "Shikamoo, Kamera."

"Marahaba, mwanangu. Usinitukane. Niulize."

Na yeye akauliza. Nampenda mtoto huyu! Mwingine angeitupa kamera kabatini, akasema imeharibika. Yeye akakaa chini, akaipakata, akauliza: "Kwa nini Bibi haonekani?"

"Kwa sababu umeniachia mimi niamue. Tazama gurudumu langu la juu. Limesimama penye neno AUTO. Hapo kila kitu nachagua mimi. Na mimi, mwanangu, simjui bibi yako. Najua kuhesabu mwanga tu. Ligeuze mpaka penye herufi M."

Akaligeuza. Tik, tik, tik.

"Sasa unaamua wewe. Na mimi nitakuuliza swali moja kila siku, mpaka ulizoee: unataka kuona nini?"

Binti akafungua mdomo kujibu. Kamera akamzuia. "Bado. Kwanza ujue tumboni mwangu mna nini."

Mnadhani mna nini? Waya? Ndiyo, zimo. Betri? Imo. Lakini hasa hasa, tumboni mwa kamera mna chumba. Chumba chenye giza, na dirisha moja.

Jambo hili ni la zamani sana. Miaka kama elfu moja iliyopita aliishi mwanachuoni mmoja jina lake Ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra, Iraki, na kazi zake nyingi alizifanyia Cairo, Misri. Alikuwa mtu wa kuuliza, kama nyinyi. Alitaka kujua nuru inasafiri vipi. Jua lilipopatwa, likabaki kipande kama hilali, alichunguza mwanga wake ukipita kwenye tundu na kuangukia ukutani. Tundu likiwa dogo sana, hilali inaonekana ukutani. Tundu likipanuka, hilali inapotea, inabaki duara la mwanga tu. Likumbukeni tundu hilo. Tutalirudia.

Haya, tuingie chumbani. Chukueni chumba cha ndani cha nyumba yenu, kile cha kuwekea mikeka. Fungeni mlango. Mle ndani amekaa mtu mmoja, anautazama ukuta ulioelekea dirisha. Huyo mtu ataona nini? Inategemea mambo matatu.

La kwanza, dirisha limefunguliwa kwa upana gani?

La pili, limeachwa wazi kwa muda gani?

La tatu, huyo mtu wa ndani ana macho makali kiasi gani?

"Hayo tu?" binti akauliza.

"Hayo tu," kamera akasema. "Upana, muda, macho. Upana tunauita tundu la lenzi. Muda ni kasi ya shata, yaani yale mabawa ya dirisha yanayofunguka na kufunga. Macho ni ISO. Ukinishika vitu hivyo vitatu, umenishika mimi mzima."

Semeni nami: upana, muda, macho. Tena. Upana, muda, macho. Vizuri.

Sasa watu wazima wanaofundisha kamera mara nyingi huanza na upana. Mimi naanza na muda, kwa sababu muda unaonekana upesi, na mtoto anataka kuona upesi. Na hakuna mahali pa kujifunza muda kama Forodhani.

Mnaijua Forodhani? Ni ile bustani ya ufukweni, mbele ya Mji Mkongwe. Jua likianza kushuka, vijana hupanga mstari hapo. Mmoja anarudi nyuma, anapiga mbio, anafika ukingo wa ukuta, na huyo! Anaruka, anajikunja hewani, anapinduka, anaingia baharini. Wao wenyewe wanauita mchezo huo makachu. Wapo wanaoruka na kanzu na kofia, na kanzu inafunguka hewani kama tanga.

Binti akaenda Forodhani alasiri, jua bado lipo. "Unataka kuona nini?" kamera akauliza.

"Nataka kumwona akiwa hewani."

"Umwone vizuri, au uone mwendo wake?"

Swali zuri hilo. Binti hakujua kwamba ni vitu viwili tofauti. Akajaribu kwanza 1/30. Maana ya 1/30 ni nini? Ichukue sekunde moja, ikate vipande 30 sawasawa, shika kimoja. Dirisha linafunguka kwa muda wa kipande hicho, kisha linafunga. Kijana akaruka. Binti akabonyeza. Picha ikatoka: bahari imetulia, ukuta umetulia, na kijana amekuwa mchirizi. Kichwa kiko wapi? Hakijulikani. Miguu mingapi? Haihesabiki.

"Mjomba, kwani 1/30 si upesi sana?" Ndivyo unavyoniuliza, na nafurahi umeuliza, maana kwa jicho letu ni kufumba na kufumbua. Lakini tufanye hesabu. Mtu akianguka mita 2, anakuwa na kasi ya mita 6 na kitu kwa sekunde. Katika 1/30 ya sekunde amesogea kama sentimita 20. Weka kidole gumba hapa, unyooshe kiganja, shibiri yako ndogo ndiyo hiyo. Dirisha lilipofunguka pua yake ilikuwa hapa. Lilipofunga pua imefika pale. Chumbani ukutani imechorwa pua ndefu ya shibiri nzima!

Sasa jaribu 1/1000. Katika muda huo amesogea milimita 6 tu, chini ya upana wa kidole chako. Binti akageuza gurudumu, akabonyeza. Kijana akasimama hewani. Matone ya maji ya aliyemtangulia yakaonekana moja moja. Vidole vya miguu vikaonekana vyote kumi. Lakini...

Lakini nini? Nani ameliona tatizo kabla sijasema?

Ndiyo! Wewe! Picha ilikuwa nyeusi karibu yote. Dirisha limefunguka muda mfupi mno, mwanga haukuwahi kuingia. Umefikiri vizuri sana.

"Kila ukihamia namba hizi," kamera akamfundisha, "30, 60, 125, 250, 500, 1000, muda unakatwa nusu, na mwanga unakatwa nusu. Umekata mara tano. Basi kaurudishe mwanga kwa mlango mwingine. Upana, muda, macho. Muda umeupunguza. Ongeza upana."

Namba za upana ni hizi: 16, 11, 8, 5.6, 4, 2.8, 2. Hapa ndipo watoto wengi na watu wazima wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo twende polepole. Namba 16 ni tundu dogo. Namba 2 ni tundu kubwa. Kwa nini kinyume? Kwa sababu ni hesabu ya kugawanya. Lenzi ya binti iliandikwa milimita 50. Gawanya 50 kwa 2: tundu lina upana wa milimita 25. Gawanya 50 kwa 16: tundu lina upana wa milimita 3 na kidogo. Namba inayogawanya ikiwa kubwa, kinachobaki ni kidogo. Ndiyo maana lenzi huandikwa kwa mkwaju, f/2, f/16. Mkwaju ule ni wa kugawanya, kama ule wa darasani.

Na kila hatua kutoka 16 kwenda 11, kutoka 11 kwenda 8, mwanga unaoingia unaongezeka mara mbili. Hesabuni hatua: 16 kwenda 11, moja. 11 kwenda 8, mbili. 8 kwenda 5.6, tatu. 5.6 kwenda 4, nne. 4 kwenda 2.8, tano. Tano! Muda umekatwa nusu mara tano, upana umezidishwa mara mbili mara tano. Chumbani mwanga ni uleule.

Binti akageuza tundu kutoka 16 hadi 2.8. Akabonyeza. Kijana hewani, kanzu imefunguka, bahari ya buluu, na mwanga umekaa sawa. Nakuambieni, binti alipiga ukelele, mpaka wauza maji ya miwa wakageuka.

Lakini tazameni mashua kule nyuma. Kwenye picha ya kwanza zilionekana wazi. Kwenye hii zimeyeyuka, hazina mipaka. Nani kaziyeyusha? Ni tundu. Mnakumbuka hilali ya Ibn al-Haytham? Tundu dogo linachora kwa mstari mwembamba. Tundu pana halichori hivyo. Lenzi inasaidia, inakusanya nuru, lakini inaweza kuikusanya vizuri kwa umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Dirisha likiwa pana, kilichopo kwenye umbali huo kinakuwa wazi, na vilivyo mbele yake au nyuma yake vinafifia. Dirisha likiwa dogo, vingi vinaonekana wazi pamoja. Anayevaa miwani hapa aivue. Kunja ngumi, uache kitundu kidogo mno, uchungulie yale maandishi ya ukutani. Umeona? Yamekuwa wazi zaidi. Hakuna uchawi, ni tundu dogo.

Kwa hiyo upana nao unauliza swali lilelile. Unataka kuona nini? Ukimpiga Bibi mbele ya mlango wa nakshi kwa f/2, utamwona Bibi peke yake, na mlango utakuwa rangi tu. Ukimpiga kwa f/11, utaona Bibi na kila msumari wa shaba mlangoni. Ipi ni picha nzuri? Zote, lakini si za hadithi moja. Ya kwanza inasema, huyu ndiye Bibi. Ya pili inasema, hapa ndipo Bibi anapokaa.

Jua likazama. Adhana ya magharibi ikakaribia, vijana wawili watatu bado wanaruka. Binti tundu amelifungua mpaka mwisho wake, 2. Shata ameishusha mpaka 1/500, na chini ya hapo hataki, maana kijana atakuwa mchirizi tena. Picha bado nyeusi.

"Upana umekwisha," akasema. "Muda siwezi kuugusa."

"Limebaki nini?"

Tuseme pamoja: macho!

ISO huanza 100, kisha 200, 400, 800, 1600, 3200, 6400. Kila hatua ni mara mbili. Lakini sikilizeni, hapa kuna tofauti. Upana na muda huingiza mwanga. ISO haiingizi hata chembe. Yule mtu wa chumbani anayakodoa macho tu, anakuza kidogo alichopata. Na mtu akikodoa macho gizani sana, huanza kuona nini? Vidoa, vumbi, vitu visivyokuwepo. Kamera nayo ni hivyo. Ikifika 3200 au 6400, picha inaingia chengachenga, kama televisheni ya zamani ikikosa mawimbi.

"Basi nisipandishe ISO?" binti akauliza.

Wapo watakaokuambia usipandishe kamwe. Mimi nasema pandisha. Picha yenye chengachenga na kijana aliyetulia hewani ni bora mara mia kuliko picha laini ya mchirizi. Chengachenga watu huzizoea, hata huzipenda. Uso uliotikisika hauna dawa. Tena kamera za siku hizi zinavumilia ISO kubwa kuliko za miaka 20 iliyopita. Anza chini kunapokuwa na mwanga, panda unapohitaji, na usione aibu.

Sasa, mmeyajua yote matatu. Upana, muda, macho. Mnadhani hadithi imekwisha? Haijaisha. Bado Bibi. Bibi bado ni kivuli kilichovaa kanga, na mimi nimekuja hapa kwa ajili ya Bibi.

Asubuhi ya pili binti akamrudia barazani. Saa ileile, ukuta uleule, jua lilelile. Akageuza vitu vyake. Chini ya kioo cha kamera kulikuwa na kipimo kidogo, sifuri katikati, alama ya kujumlisha upande mmoja, ya kutoa upande wa pili. Binti akageuza shata mpaka alama ikasimama kwenye sifuri. Akabonyeza. Bibi? Kivuli. Kama jana.

"Kamera! Mbona nimepanga mwenyewe na bado?"

"Umepanga mwenyewe," kamera akasema, "lakini umenitii mimi. Ile sifuri ni maoni yangu. Njoo nikwambie siri yangu. Mimi sioni kanzu. Sioni buibui. Sioni uso. Nachukua mwanga wote unaorudi kutoka huko mbele, nauchanganya, kisha najiambia kwamba dunia ikichanganywa yote ina rangi ya majivu."

"Nani kakuambia?"

"Ndivyo nilivyowekewa kipimo kiwandani."

Na kamera hasemi uongo. Wapiga picha wana kadi maalumu ya rangi ya majivu, inayorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia, na vipimo vya kamera vimezoeshwa wastani unaokaribia huo. Mara nyingi inafaa: majani, barabara, ukuta wa matofali, sokoni, hesabu inakubali. Lakini ielekeze kamera kwenye kanzu nyeupe iliyojaza picha nzima. Kamera anasema, "Loo, mwanga umezidi!" Anaupunguza. Kanzu inakuwa ya majivu. Ielekeze kwenye buibui jeusi. "Loo, giza!" Anaongeza mwanga. Buibui linapauka, nalo linakuwa la majivu. Mkifika nyumbani, chukueni karatasi nyeupe na kitambaa cheusi, mvipige vyote viwili kwa AUTO, kila kimoja kijaze picha, bila flashi. Vitakaribiana mpaka mshangae.

Basi kwenye picha ya Bibi, kamera aliona nini? Aliona ukuta mweupe uliopigwa na jua, mkubwa, umejaa picha. Akapigania kuufanya majivu. Na Bibi, aliye kivulini, mwenye uso mweusi mzuri, akazama gizani. Kamera hakumdharau. Hakujua tu kwamba yeye ndiye anayetafutwa.

"Unataka kuona nini?" kamera akauliza.

Safari hii binti alijibu hapohapo. "Namtaka Bibi."

"Basi njoo karibu naye. Nijaze uso wake tu, ukuta usiingie. Sasa nisome."

Binti akasogea mpaka uso wa Bibi ukajaza kioo. Bibi akacheka. Kipimo kikaruka upande wa kutoa. Binti akapunguza kasi ya shata, mwanga zaidi ukaingia, alama ikafika sifuri. Akabonyeza. Macho ya Bibi haya hapa! Mikunjo ya kicheko hii hapa! Lakini binti akakunja uso. "Huyu ni Bibi, lakini amepauka. Bibi si mweupe hivi."

Mnaelewa sababu? Kamera alipopewa uso mweusi peke yake, aliufanya nao majivu. Kwa hiyo kumtii sifuri hapa pia ni kosa. Binti akageuza shata kuiongezea kasi: tik, tik. Kwenye kamera nyingi, mlio wa tik tatu ni hatua nzima ya kukata mwanga nusu, kwa hiyo tik mbili ni pungufu ya hatua. Alama ikakaa chini kidogo ya sifuri. Akabonyeza.

Ndiye. Weusi wake wenyewe, unang'aa kwenye paji la uso na kwenye mashavu.

Kisha binti akarudi nyuma hadi pale aliposimama mwanzo, bila kugusa namba hata moja. Ukuta ukaingia tena kwenye picha. Kipimo kikakimbilia upande wa kujumlisha, kikaanza kuwakawaka. "Mwanga umezidi! Ukuta utaungua!" kamera akapiga kelele.

"Najua, Kamera," binti akasema. "Ukuta uungue. Mimi namtaka Bibi."

Akabonyeza. Ukuta ukawa mweupe mtupu, bila alama ya chokaa. Na mbele yake amekaa Bibi, mzima, na ukili mikononi.

Mpigieni makofi. Hapo ndipo alipokuwa mpiga picha.

Kama angetaka ukuta nao usiungue, ipo njia ya tatu, nayo haihitaji kitufe: angemwomba Bibi ahamie upande ambao ukuta nao uko kivulini. Mpiga picha mzuri husogeza miguu yake, na akiruhusiwa, husogeza kiti cha anayepigwa.

Kwa nini nimelishikilia jambo la uso wa Bibi namna hii? Kwa sababu vyombo vya picha havikutengenezwa kwa kumfikiria Bibi. Enzi za filamu, kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya mfano. Juu yake pamepigwa picha ya mwanamke mweupe. Mafundi waliiita kadi ya Shirley. Rangi zikimkaa Shirley vizuri, mashine iko sawa, picha za watu wote zipite. Na watu weusi? Nyuso zao zikatoka zimefifia, zimeshikana na giza. Filamu zilianza kurekebishwa zionyeshe vizuri rangi za kahawia, na miongoni mwa waliolalamika wakasikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao! Hilo linaniumiza mpaka leo. Lakini pia linanifundisha kuishika M kwa mikono miwili.

Na wapo waliozishinda kamera hizohizo. Huko Bamako, Mali, mwaka 1935 kijana mmoja aliletewa kamera ndogo na mjomba wake, iliyotoka Senegal. Ndiyo, mjomba! Kijana huyo ni Seydou Keïta. Mwaka 1948 alifungua studio nyumbani kwake. Alipiga watu wake uani, kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake lenye nyuzi pembeni. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi kila mtu alipigwa mara moja tu. Mara moja! Angekosea upana au muda, mteja amekwenda. Leo picha zake zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa duniani, na kila uso mweusi uliomo una macho, una mashavu, una majivuno yake.

Nyinyi mna bahati asiyokuwa nayo Keïta. Picha mbaya haiwagharimu shilingi, mnaifuta. Na mna bahati kuliko hata mhandisi Steven Sasson wa Kodak, aliyetengeneza kamera ya dijitali ya mfano mwaka 1975. Ile ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, picha zake hazikuwa na rangi, na kuiandika picha moja kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. Mngengoja?

Kwa hiyo jaribuni mara nyingi, lakini msianze na upana, muda na macho vyote kwa pamoja. Siku ya kwanza wekeni ISO 400 na tundu 8, nendeni nje, mguse shata peke yake, mpaka vidole vijue bila macho kutazama. Siku nyingine gandisheni shata, mcheze na tundu. Mkiona namba imeandikwa na alama mbili ndogo juu yake, kama 30", hizo ni sekunde 30 nzima, si kipande cha sekunde, na mkono hauwezi kutulia hivyo, wekeni kamera ukutani. Kwa mkono mtupu na lenzi ya milimita 50, msishuke chini ya 1/60. Msilielekee jua na jicho likiwa kwenye kitundu cha kuchungulia, lenzi inaukusanya moto wake. Na mtu msiyemjua muulizeni kwanza kabla ya kumpiga. Akikataa, semeni ahsante.

Swali la mwisho, wewe pale. Sema, usiogope.

"Mjomba, mimi sina kamera. Nina simu ya mama."

Swali zuri kuliko yote ya leo. Fungua kamera ya simu, utafute neno Pro. Simu nyingi zinalo. Dirisha la simu kwa kawaida halibadiliki upana, limewekwa moja tu, lakini muda na macho yamo, na hayo yanatosha kuanzia. Usiku mama akikuruhusu, kaa dirishani penye kuonekana barabara. Weka ISO 100, shata 1/4 ya sekunde, simu uiegemeze kwenye kitu kisichotikisika. Ngoja bodaboda ipite, ubonyeze. Taa yake itakuwa mstari. Ikitoka nyeusi, ongeza muda iwe 1/2. Ikiungua, rudi 1/8. Kisha niletee nione.